Maneno ya Kumpelekea Mdogo Wake

"Rudia taratibu," Kola alimwambia mlinzi wa getini. "Nataka niandike neno kwa neno."

Mlinzi alijikohoza kidogo, kama mtu anayetaka kupigwa picha. "Mwambie asiitazame siku nzima kwa mara moja. Mimi kwenye lindo natazama mpaka nguzo ile pale. Macho yakishafika hapo, natafuta nguzo inayofuata. Mwisho kunakucha."

Kola aliandika, akapuliza wino ukauke, akalitia daftari kwenye mfuko wa aproni na kupanda ngazi kwenda kazini.

Jina hilo alipewa na wenzake. Kiwanda kilishona sare za shule, na kwa miaka kumi na mmoja yeye alikuwa akishona kola tu. Mikono walishona wengine, vifungo wengine. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ndiyo maana walishangaa, mwanzoni mwa mwaka, alipoanza kumfuata mmoja mmoja na daftari mkononi na swali lile lile: ungemwambia nini mtu asiyetaka kuamka?

"Ni mdogo wangu," alieleza. "Haumwi popote, ila kila asubuhi haoni sababu ya kuinuka. Yuko kwangu, hatoki ndani. Mimi maneno yameniishia, ndiyo nawaomba ninyi."

Hakuna aliyemnyima. Mama muuza chai alisema, "Aoge, halafu avae viatu. Mtu mwenye viatu miguuni harudi kitandani kirahisi." Mkata vitambaa, mzee mkali ambaye hata salamu alizitoa kwa kupima, alifikiri siku mbili kabla ya kujibu. "Nikikosea kukata, sikitazami kipande nilichoharibu," alisema. "Nakunjua kilichobaki, nione kinatosha nini." Dada mmoja wa upande wa vifungo, aliyezika mume na mtoto katika mwaka mmoja, alisita sana. "Mimi sikupona. Nilizoea. Mwandikie hivyo hivyo, asije akadhani nadanganya."

Kola aliwaletea majibu. Lile la viatu lilimchekesha mdogo wake. Lile la nguzo lilimfikisha Ijumaa. La kitambaa aliomba asomewe mara mbili.

Watu wakaona fahari. Mlinzi akaanza kutembea kidaktari, na mara moja alikosana na muuza chai kwa sababu kila mmoja alidai kwamba dawa yake ndiyo iliyofanya kazi. Asubuhi, Kola akitokea mlangoni, walimdaka hata kabla ya salamu: "Mgonjwa wetu kaamkaje?"

"Kaamka," alijibu.

Mwezi wa tano alianza kukosea. Kola nzima nzima zilirudishwa, zimeshonwa ndani nje. Mkata vitambaa, ambaye hakuwahi kumsamehe mtu hata uzi, alizifumua mwenyewe chini ya meza ili msimamizi asizione. "Kuuguza kunachosha," alisema tu.

Mama Pacha, aliyekaa kwenye mashine ya jirani, ndiye aliyekuwa na maneno mengi kuliko wote. Kurasa karibu kumi zilikuwa zake. Siku moja, wakati wa mapumziko, alimuuliza Kola, "Huyo mdogo wako, kuna mtu aliyewahi kumweleza yanayomsibu? Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake?"

Kola alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. "Nadhani ndicho anachojaribu."

"Basi wamsikilize."

"Wanamsikiliza sana," alisema Kola. "Watu wema."

"Na yale ya daftarini?"

"Siku hizi hayamwingii. Namsomea tangu ukurasa wa kwanza, yanapita tu, kama redio ya jirani."

Mama Pacha alimshika bega. "Wewe usichoke. Ukichoka wewe, yeye atabaki na nani?"

Kola alilitoa daftari, akaandika na hilo.

Jumatatu iliyofuata hakuja kazini. Jumanne vivyo hivyo, na simu haikupokelewa. Jumatano msimamizi alizima mashine zote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya saa ya chakula, akawaambia kwamba mwenye nyumba alikuwa amemkuta Kola chumbani kwake, amekwisha kufariki.

Dada wa vifungo alifunika uso kwa shati lililokuwa mkononi.

"Kuuguza ndiko kulikommaliza," alisema mkata vitambaa hatimaye. "Amebeba mtu miezi yote hii peke yake." Kisha akainua kichwa. "Na huyo mdogo mtu? Nani yuko naye?"

Wote walitazamana. Dakika tano baadaye walikuwa barabarani, mkata vitambaa, Mama Pacha na mlinzi, wakitembea haraka mno kwa umri wao. Njiani walikubaliana kila kitu. Mama Pacha angemchukua kwake, kwenye chumba cha wanawe pacha. Wengine wangekuja kwa zamu. Huyu walau wasimkose.

Chumba cha Kola kilikuwa mwisho wa ukumbi: kitanda kimoja chembamba, kiti kimoja, dirisha lililofungwa. Majirani walikuwa wamesimama kwa sababu hapakuwa na pa kukaa. Kitandani aliketi mwanamke mwenye macho yaliyovimba, begi miguuni, sura ile ile ya Kola ila changa zaidi.

Mama Pacha alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Mdogo wetu, tumekuja kwa ajili yako. Hutabaki humu peke yako. Utakaa kwangu, hata mwaka, mpaka upate tena nguvu ya kuamka."

Mwanamke alimtazama, kisha akawatazama wale wawili waliosimama nyuma yake.

"Nikae kwako, dada? Mimi ni mzima, nina mume na watoto. Nimeshuka kwenye basi asubuhi hii, na humu ndani ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia."