Nyuma ya Mpiga Zumari

“Mama, wewe ni nani?” mumewe alimuuliza kwa mara ya tatu asubuhi ile, akikisukuma kijiko cha dawa.

Miaka ishirini, kila Jumamosi, walipiga muziki wa ngoma za asili na wenzao kwa mapenzi tu; mume mbele na zumari, yeye nyuma na ngoma, macho kwenye kisogo chake.

Akazunguka nyuma ya kiti cha mumewe. Akafudikiza beseni, akaanza kupiga ule mdundo wao wa kufungulia.

Shingo ya mzee ikanyooka. Vidole vyake vikacheza hewani, tundu kwa tundu.

“Mke wangu,” alisema bila kugeuka, “leo umechelewa.”

Viganja vilimwaka moto, lakini hakuthubutu kuacha. Akiacha, mumewe atageuka, aione sura asiyoijua.