Vikopo Saba vya Jikoni

Mpimaji wa maabara alivipanga mezani vikopo saba vya sampuli za choo, kila kimoja kimebandikwa jina kwa plasta, akawageukia wapishi wa hospitali.

"Kipimo cha haraka kingemnasa anayeharisha tu," akasema. "Nikachagua cha mashine, kinachomwona hata mwenye virusi vya kuharisha asiyeumwa. Nyote saba mna virusi."

Mama Sufuria, mkuu wa jiko, aliyasoma majina kwenye vikopo, kimoja baada ya kingine. Choo kilichokuwa ndani ya vikopo vyote saba kilikuwa chake.

Juzi, walipoambiwa walete choo kipimwe, wenzake walimfuata stoo, kwenye magunia ya vitunguu. Wawili walikuwa wakiharisha, na wote waliogopa kufukuzwa. "Dada, tumbo lako la chuma hilo, halijawahi kuuma. Tugawie," wakamwambia, huku wakicheka hadi kushika mbavu. Akawagawia kwa kijiko cha plastiki, kila mtu kiasi chake, kama anayepakua.

Sasa alimwona mpishi mmoja, mwenye kichanga nyumbani, akijifuta machozi kwa ncha ya aproni. Hakuweza kuvumilia.

"Hawa hawana kosa, mwanangu," akamwambia mpimaji. "Vyote ni vyangu. Usiwafukuze, wapime upya."

Mpimaji alikuwa ameshika karatasi saba za ruhusa ya ugonjwa. Akazikunja taratibu.

"Nani kasema mngefukuzwa, mama? Mwenye virusi hupumzika siku tano, akirudi kazi yake ipo." Akaanza kuvirudisha vikopo kwenye mfuko, kimoja kimoja. "Anayedanganya kipimo ndiye asiyerudi."