Kibao Kilichogoma Kutulia

Ubao wa picha walioujenga binti na baba yake, fundi saa, ulikuwa na vibao sitini na vinne vya kugeuka, kila kimoja na mota yake na swichi yake ya kuzungusha kwa mkono, iliyokiongoza. Kimoja kiligoma kutulia.

"Kitendawili!" alisema baba, ameshika swichi.

"Tega."

"Hakina baridi, kinatetemeka."

"Mota mbovu, Baba."

Binti akabadilisha mota mara mbili. Wapi! Akashika swichi mwenyewe, kibao kikatulia tuli. Akachanganyikiwa.

"Hebu shika swichi ya kibao cha jirani, Baba."

Baba akaishika. Sasa kibao cha jirani ndicho kikatetemeka.

Binti akaacha ubao, akatazama vidole vya baba vilivyofungua saa za mtaa mzima.

Baba akatia mkono mfukoni upesi. Humo, funguo zikaanza kulia.