Upande wa Zuwena

Mji ulikuwa unadidimia, na umeme haukutosha kuinua nyumba nzima kwa pamoja. Jeki zilizofungwa chini ya misingi ziliinua upande wa nyumba wenye watu wengi, upande mwingine zikauacha uzame.

Zuwena alikaa upande wa kulia wa nyumba yao, mke mwenzake Salha upande wa kushoto. Siku alipoona maji ya deki yanakimbilia chini ya kitanda chake, alimwita mume wao, Mbaraka.

"Unashinda kwa mwenzangu. Msingi umekusema."

"Salha ana mimba, Zuwena. Hawezi kuachwa peke yake."

"Mimi ndiye ninayeweza?"

Akawaita dada zake na watoto wao kutoka Pangani, akawaweka wiki nzima. Upande wake ukapanda. Ukuta wa katikati ukapasuka, na Zuwena akawa akisikia kuta za mwenzake zikilia, roho yake ikitulia.

Kisha Mbaraka akapiga kelele kutoka upande wa pili. "Milango yote imebana! Salha ameshikwa na uchungu!"

Zuwena aliwatoa wageni wote mbio ili nyumba ijisawazishe, milango ifunguke. Yeye akabaki, akapenyeza mkono kwenye ufa. Salha akaudaka kwa nguvu zake zote.

"Dada, usiniache."

"Nipo."

Chini yao jeki zilianza kushuka. Ufa ukaanza kujifumba taratibu, ukagusa mkono wa Zuwena, na Salha bado alikuwa ameung'ang'ania.