Usukani wa Baba Upendo

Zama za watu kuendesha zilikuwa zimekwisha. Kila chombo cha moto kilijiendesha. Pikipiki ya Baba Upendo, aliyoiunda mwenyewe, gurudumu la mbele likiwa mbali kama limetumwa dukani, iliachiwa usukani wake mrefu kwa sababu ulihesabiwa kuwa urembo. Mafundi wa serikali walikata kila kilichouunganisha na gurudumu.

Mzee hakuacha kuushika. Kila Jumapili alivaa koti lake la ngozi, akampakia mkewe Ndewerwa, na kila penye kona aliuzungusha na kuulaza mwili. Ndewerwa naye alijilaza. Wakirudi alimwambia, "Leo umeendesha, mume wangu," na mzee alichekelea kama bwana harusi.

Jumapili hii aliiambia pikipiki iwapeleke Marangu, alikomposa Ndewerwa. Walipofika njia panda, mzee akakata kushoto. Pikipiki ikakata kulia.

"Moyo wako unakwenda mbio, mzee," ilisema sauti nyororo kutoka chini ya tangi. "Tunarudi nyumbani."



"Nimeghairi, Mama Upendo," mzee alisema bila kugeuka. "Jua kali mno."

Mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi.

"Afadhali," alijibu Ndewerwa. "Hata mimi nimechoka."

Lakini aliona mikono ya mumewe bado imeukaza usukani kushoto. Akamkumbatia kiunoni, akajilaza kushoto pamoja naye, hivyo hivyo mpaka nyumbani, ambako geti lilijifungua, likawapokea, likajifunga.