Atomu Iliyokataa Kuzimika

Saa tatu kasorobo, na atomu moja bado inawaka njano.

Chiriku alibofya pembeni ili izimike. Ikaendelea kuwaka. Akafunga programu, akaifungua tena. Hiyo hapo, njano kama kiini cha yai, imetulia katikati ya molekuli utadhani imealikwa.

"Nakufa mimi! Miwani, njoo umwone huyu mkaidi!"

Ofisini walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Kompyuta alizisomea mpaka chuo. Kemia aliagana nayo kidato cha pili, bila chozi. Lakini programu hii, ya kuwaonyesha wanasayansi molekuli kwenye skrini kama shanga zilizoshikana, ilimkaa rohoni. Kazi yake ilikuwa moja tu: mtu akichagua atomu, iwake rangi ya kuonekana. Alijaribu njano arobaini na moja kabla hajapata ile ya kufa nayo. Zote alimtumia mama yake, na mama akajibu, "Mwanangu, si zote njano tu?"

Leo miezi mitatu ya majaribio inaisha. Saa tatu anakuja Profesa, mteja mkubwa, na molekuli ya kuonyeshea ametuma yake mwenyewe. Mambo yakienda sawa, ajira. Yakienda mrama, Chiriku anarudi nyumbani kugombea rimoti na wadogo zake.

Miwani, jirani yake wa meza, akaiinamia skrini, akakuna kidevu. "Labda imezaliwa hivyo."

"Imezaliwa njano? Kwani kifaranga? Njano ni yangu, we Miwani! Niliichagua mimi, kwa macho yangu haya!"

"Nauliza tu, dada."

"Usiulize, saidia!"

Akabadilisha rangi ya kuchagulia, akaweka waridi. Akabofya atomu kumi. Kumi zikawaka waridi. Ile moja ikabaki njano, haina habari na mtu. Akaondoa kazi yake ya wiki nzima, roho ikimuuma. Njano. Akairudisha kazi, akazima kompyuta, akaiwasha, akaiombea dua. Njano.

"Imeganda hii," akaamua. "Dawa ya moto ni moto."

Koridoni Bosi alishaanza kucheka kile kicheko chake cha wateja. Chiriku akaandika mstari mmoja wa kikatili: chochote cha njano kipakwe kijivu. Akabonyeza.

Atomu ikafifia, ikafanana na majirani zake wa kijivu, hata kwa tochi usingeitambua.

"Nimeiweza!" Akamkumbatia Miwani mpaka miwani ikapinda.

Profesa aliingia na watu saba, wamependeza kama wanaenda harusini. Chiriku akachagua atomu hapa, akachagua pale. Zikawaka waridi, zikazimika, kwa adabu kama watoto wa kwaya. Wageni wakatikisa vichwa kwa raha. Bosi akamnong'oneza, "Mkataba wako uko mezani kwangu, binti."

Chiriku akabana midomo asipige kelele.

Profesa akashika kipanya. Akaigeuza molekuli kulia. Akaigeuza kushoto. Akaipindua juu chini, akaisogeza karibu, pua ikabaki kidogo tu kugusa skrini.

Sasa mtu anayeitwa Chiriku angekaaje na habari ya ushindi wake tumboni?

"Profesa, shikamoo yako tena," akasema, amejaa tabasamu. "Usione inang'aa hivyo. Asubuhi kulikuwa na uchafu wa njano hapo katikati, mbaya huo, umeng'ang'ania! Nimekusafishia mwenyewe, kwa mikono yangu."

Profesa aliachia kipanya taratibu, akawageukia wale saba, kisha akamgeukia yeye.

"Mwanangu," akasema, "hiyo ni salfa, na salfa sisi huionyesha kwa njano. Nimeisaka ndani ya molekuli hii miaka sita, na hawa wamesafiri siku mbili kuja kuiona."