Shikamoo ya Twiga

Twiga alikuwa mlinzi wa wanyama wa mbugani, na kazi hiyo aliipata kwa ajili ya macho yake. Kila mwaka Kanga, mpimaji wa macho, alipita akiwapima wote, na kila mwaka Twiga alimfukuza.

"Nilipimwa nikiwa ndama, nikaambiwa macho safi. Kapime wagonjwa."

"Ndama huyo alishakua, kaka," Kanga alijibu, akaenda zake.

Mwaka mmoja Twiga alianza kulalamika. "Kuna mzee anakaa njia ya mtoni. Kila asubuhi nampa shikamoo, haitikii. Hana adabu kabisa!"

Kanga alikwenda kumwona mzee huyo, akarudi.

"Kaka, unasalimia kichuguu. Njoo nikupime, ni dakika tano tu."

"Wiki ijayo," alisema Twiga.

Kesho yake Simba alijibanza nyuma ya kichuguu. Twiga akafika, akainamisha shingo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," alisema Simba. "Sogea nikuone vizuri."

Twiga alifurahi sana kuitikiwa, akasogea.

Wiki iliyofuata Kanga alifika kama walivyopatana, akampima mlinzi mpya.